Fueli, Oksijeni na Kasi ya Mwako

Mkanganyiko uliopo

Tangu majiko ya gesi yaenee katika miji ya Afrika Mashariki, na tangu gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay ianze kutumika katika mitambo ya umeme, viwandani, na hata katika magari yanayopita barabara za Dar es Salaam, yamezagaa baina ya watu maneno mengi juu ya moto, ambayo kila msemaji huyatamka kwa yakini, na ambayo yakiwekwa pamoja hayapatani. Husemwa kwamba gesi yenye joto jingi ndiyo iwakayo upesi. Husemwa kwamba petroli ya okteni kubwa huungua mbio zaidi, na fundi wa pili katika karakana ile ile akashikilia kwamba huungua taratibu zaidi. Husemwa miongoni mwa wachomeleaji kwamba mtungi wa oksijeni ni wa hatari kwa kuwa oksijeni ni gesi iwakayo, ilhali oksijeni haiwaki asilani, bali huviwezesha vitu vingine kuwaka. Na tangu nchi za Ulaya zianze kuzungumza juu ya kuchanganya haidrojeni katika mabomba ya gesi, na wenye meli kuifikiria amonia, limezuka swali jingine: je, fueli moja yaweza kushika mahali pa nyingine katika kichomeo kile kile, maadamu zote mbili huwaka?

Swali lililo chini ya maneno yote haya ni moja. Ni nini kinachoamua kasi ya mwako: ni fueli iunguzwayo, au ni kioksidishi, yaani hewa, oksijeni tupu au dutu nyingine itoayo oksijeni, ambacho fueli huungana nacho? Wanazuoni wa kemia na fizikia wamelitafutia jibu kwa zaidi ya karne moja, na rai zao zilihitilafiana kwa muda mrefu, kila moja ikiwa na burhani zake na upungufu wake. Rai hizo zinastahili kuelezwa moja baada ya nyingine na kupimwa, kwa sababu hitilafu baina yake zimo ndani ya vyombo ambavyo watu huvishika kila siku, na makosa katika jambo hili hayaishii kwenye maneno.

Kasi ipi inayosemwa

Sehemu kubwa ya mabishano hutokana na watu kuyaita kwa jina moja mambo matatu yaliyo mbalimbali. La kwanza ni kasi ya mwako kwa maana yake halisi: mwendo ambao tabaka jembamba la moto huingia nao katika mchanganyiko wa gesi ambao haujaungua, mchanganyiko ukiwa umetulia, bila msukosuko wowote. Kwa methani katika hewa ya kawaida, mwendo huo ni kiasi cha sentimita 40 kwa sekunde, ambao ni mdogo kuliko mwendo wa mtu atembeaye bila haraka. La pili ni mwendo uonekanao kwa macho. Katika chumba kilichojaa gesi, ile sehemu iliyokwisha kuungua hupanuka mara saba hivi kwa sababu ya joto lake, ikausukuma mbele uso wa moto, na uso huo ukikutana na vizuizi hukunjamana, ukapata eneo kubwa zaidi la kuunguzia, hata moto uliokuwa wa polepole ukaonekana unaruka. Ndiyo namna petroli, ambayo kasi yake tulivu haizidi ile ya methani, inavyowahi kuungua ndani ya silinda ya gari kabla pistoni haijashuka: hewa iingiayo kwa msukosuko huukunja uso wa moto maradufu kwa maradufu. La tatu ni mpasuko wa mshindo, ambamo moto haupitishwi tena kwa joto lisambaalo taratibu, bali kwa wimbi la mgandamizo liendalo kasi kuliko sauti. Wafaransa Berthelot, Vieille, Mallard na Le Chatelier waliuchunguza mnamo 1881, na kwa haidrojeni na oksijeni mwendo wake hukaribia mita 2,800 kwa sekunde.

Okteni haimo katika lolote kati ya haya matatu. Ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo na joto bila kujiwasha yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia, na petroli mbili zenye okteni mbalimbali zaweza kuwa na kasi zinazokaribiana sana. Mafundi wale wawili, basi, wanabishana juu ya jambo ambalo nambari ya okteni hailipimi.

Katika uchambuzi huu, kasi ya mwako ni ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo mali ya mchanganyiko wenyewe, haitegemei umbo la chumba wala la injini. Namna ya kuipima ilipatikana mapema. Kichomeo ambacho Robert Bunsen alikitengeneza Heidelberg mwaka 1855, akisaidiwa na fundi wake Peter Desaga, huchanganya gesi na hewa ndani ya bomba kabla ya kuwaka, na moto wake husimama juu ya mdomo wa bomba katika umbo la pia ya buluu. Pia hiyo ndiyo hesabu iliyochorwa kwa moto. Gesi hupanda kwa mwendo wake, moto hushuka kuikabili kwa mwendo wake, na uso wa moto hujilaza kwenye mteremko ule ambao miendo hiyo miwili inasawazika. Tuseme mchanganyiko wa methani na hewa unatoka bombani kwa sentimita 120 kwa sekunde; kwa kuwa kasi ya mwako ni 40, ambayo ni thuluthi yake, upande wa pia utakuwa na mwinamo wa digrii 19 na nusu hivi kutoka kwenye mhimili wa bomba. Mchanganyiko ukitoka mbio zaidi, pia hurefuka na kuchongoka, hatimaye moto hujinyanyua na kuzimika. Ukitoka polepole, pia hufupika na kulala. Sasa, kichomeo kile kile kikipelekewa haidrojeni na hewa kwa uwiano timilifu, yaani ule usiobakiza fueli wala oksijeni, ambao kasi yake ni zaidi ya mita mbili kwa sekunde, pia haiwezi kuwapo kabisa: moto una mbio kuliko gesi iujiayo, nao huingia ndani ya bomba na kulifuata tundu la gesi. Kwa sababu hiyo kasi ya mwako si sifa ya vitabuni pekee. Ndiyo ipasayo kujulikana kabla ya kipenyo cha bomba kukatwa.

Rai ya kwanza: joto ndilo liendeshalo moto

Rai ya kwanza kupata umbo la kanuni ni ya wahandisi wa madini wa Ufaransa, Mallard na Le Chatelier, walioieleza mwaka 1883 walipokuwa wakichunguza milipuko ya gesi katika migodi ya makaa. Kwa mujibu wao, tabaka lililokwisha kuungua hulipasha joto tabaka lililo jirani yake mpaka likafikia kiwango cha kuwaka, nalo likawaka na kulipasha la tatu, na hivyo hivyo. Kasi, kwa rai hii, ni suala la joto: ni kiasi gani cha joto kinachotolewa, na ni kwa wepesi gani linavyopita katika gesi.

Nguvu ya rai hii ni kubwa. Inaeleza kwa nini mchanganyiko uliopashwa moto kabla ya kuwashwa huungua mbio zaidi, na kwa nini kuongeza gesi isiyowaka, kama naitrojeni au mvuke wa maji, huupunguza mwako mpaka ukafa. Inaeleza pia taa ya usalama ya Humphry Davy ya mwaka 1815, iliyobuniwa baada ya mlipuko wa mgodi wa Felling, kaskazini ya Uingereza, kuwaua watu 92 mwaka 1812: wavu wa waya uliozunguka utambi uliunyang'anya moto joto lake, na moto ulionyang'anywa joto haukuweza kupita kwenye tundu la wavu hata kama pande zote mbili zilikuwa na gesi ya kuungua. Fauka ya hayo, inasahihisha dhana ya watu wengi kuhusu gesi "kali". Mita moja ya ujazo ya propani ina joto zaidi ya mara mbili ya mita kama hiyo ya methani, walakini kasi zao katika hewa zinakaribiana, kiasi cha sentimita 40 kwa methani na 45 kwa propani. Sababu yake ni kwamba propani huhitaji hewa nyingi zaidi, na joto likishagawanywa katika fueli na hewa yake kwa pamoja, mizani hukaribia kuwa sawa.

Lakini kuna mambo ambayo rai hii haiyatatui. Haidrojeni, ambayo kwa ujazo ina chini ya thuluthi ya joto la methani, hutoa katika hewa moto wa digrii 2,100 hivi, ambao haujaupita sana ule wa methani wa digrii 1,950; hata hivyo kasi yake hufikia mita tatu kwa sekunde, zaidi ya mara saba ya ile ya methani. Amonia nayo hutoa moto wa digrii 1,800 hivi, ambao hautofautiani sana na wa methani, lakini kasi yake ni sentimita 7 tu. Tofauti za joto ni ndogo, na tofauti za kasi ni kubwa mno; anayeshikilia kwamba joto pekee ndilo sababu hana budi kueleza pengo hilo limetoka wapi.

Pigo zito zaidi lilikwisha kutokea kabla hata rai yenyewe haijaandikwa. Mwaka 1880 Harold Dixon, akiwa Oxford, alichukua monoksidi ya kaboni na oksijeni, akazikausha kwa uangalifu mkubwa mpaka hakuna unyevu, kisha akapitisha cheche. Hazikulipuka. Alipoingiza chembe ya mvuke wa maji, mchanganyiko ule ule, wenye joto lile lile la kutoa, ulilipuka. Maji hayaongezi joto. Kinyume chake, hulimeza. Yamkini hakuna jaribio katika elimu yote ya moto linaloonyesha kwa uwazi kuliko hili kwamba kuwa na joto la kutoa si sawa na kuwa na njia ya kulitoa upesi.

Rai ya pili: mnyororo wa vipande hai

Njia hiyo ilipatikana katika karne ya ishirini. Nikolai Semenov katika Urusi na Cyril Hinshelwood katika Uingereza, waliopewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja mwaka 1956, walionyesha kwamba miitikio ya mwako huenda kwa mnyororo: molekuli haziungani moja kwa moja, bali hupasuliwa na vipande vyenye uchu wa kuungana, yaani radikali, na kila kipande kinachotumika huacha kingine nyuma yake. Kiungo muhimu kuliko vyote ni kile ambamo atomi moja ya haidrojeni hukutana na molekuli ya oksijeni, na mahali pa kipande kimoja vikatoka viwili. Hapo mnyororo hugawanyika matawi, na matawi yakigawanyika tena, mwako hushika kasi. Mwaka 1947 Tanford na Pease, katika Marekani, walifika mbali zaidi wakadai kwamba kinachouendesha moto mbele si joto linalopenya, bali ni atomi za haidrojeni zinazosambaa kutoka kwenye moto kuingia katika gesi baridi, na kwamba kasi ya mwako yaweza kukadiriwa kwa wingi wa atomi hizo.

Ghafla mambo yaliyokuwa mafumbo yakaeleweka. Monoksidi kavu haina haidrojeni ya kuanzishia mnyororo. Chembe ya maji huileta. Haidrojeni yenyewe ni hazina ya vipande hivyo, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko gesi zote, vipande vyake husambaa mbali. Methani, ingawa kila molekuli yake ina atomi nne za haidrojeni, huungua kwa utulivu kwa sababu kipande kibakiacho ikishapoteza moja, chenye kaboni moja na haidrojeni tatu, huzidaka atomi za haidrojeni zilizo huru na kuukata mnyororo. Amonia ina kasoro ya namna hiyo hiyo, kwa kuwa vipande vyake vyenye naitrojeni ni wavivu wa kugawanya matawi na wepesi wa kuyamaliza. Asetilini iko upande wa pili: molekuli yake hubeba ndani yake nishati iliyohifadhiwa tangu ilipoundwa, na vipande vyake huitikia upesi, hata kasi yake katika hewa ikafika mita moja na nusu kwa sekunde, zaidi ya mara tatu ya methani na propani.

Rai hii, nayo, ikichukuliwa peke yake hupita mpaka. Ule mgawanyiko wa matawi unahitaji joto jingi ili utokee. Joto likipungua, atomi ya haidrojeni na molekuli ya oksijeni huungana tu kuwa kipande kimoja kilichopoa, na mnyororo hukatika. Mgandamizo ukiongezeka, muungano huo wa kukatisha hupata nguvu zaidi, na ndiyo sababu kasi tulivu ya methani hupungua mgandamizo unapopanda, jambo linalowashangaza wengi. Hivyo vipande hai huhitaji joto, na joto hutolewa na vipande hai. Zeldovich na Frank-Kamenetskii walikuwa wamekwisha kuviunganisha viwili hivyo mwaka 1938, walipoonyesha kwamba kasi ya mwako hutokana na mambo mawili yanayozidishana: wepesi wa joto kusambaa katika gesi, na wepesi wa mwitikio wenyewe katika joto la moto. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo mabishano baina ya rai mbili za kwanza yalipopaswa kukoma, na yaliyoendelea baadaye yalikuwa juu ya kadiri, hayakuwa tena juu ya asili.

Rai ya tatu: kioksidishi ndicho mtawala

Mafundi, ambao hawakuhitaji kungoja wanazuoni, walikuwa na rai yao tangu zamani: ukitaka moto wa mbio, iache fueli, badilisha hewa. Nayo ina ushahidi ambao hauwezi kupuuzwa. Karibu sehemu nne katika tano za hewa ni naitrojeni, ambayo haiungui wala haiunguzi, ila hupashwa joto kwa gharama ya moto. Ikiondolewa, methani iliyokuwa ikienda sentimita 40 huenda karibu mita nne kwa sekunde, na joto la moto wake hupanda kutoka digrii 1,950 hadi zaidi ya 2,700. Asetilini katika oksijeni tupu hukaribia mita 11 kwa sekunde, na joto lake hupita digrii 3,000, ndiyo maana moto wake ukaushinda mwingine wowote katika kuchomelea chuma tangu tochi zake zilipoanza kutengenezwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Hata ile gesi isiyofanya kazi ina sauti katika jambo hili. Naitrojeni ya hewa ikiondolewa, na mahali pake pakawekwa arigoni kwa kiasi kile kile, methani huungua mbio zaidi, kwa sababu arigoni huhitaji joto dogo kupashwa. Na ikiwekwa heli badala ya arigoni, kasi hupanda tena, ingawa joto la moto halibadiliki, kwa sababu heli hupitisha joto kwa wepesi mkubwa. Fueli ni ile ile, oksijeni ni kiasi kile kile, na kasi ni tatu mbalimbali.

Upungufu wa rai hii huonekana mtu anapouliza: oksijeni huzidisha kasi mara ngapi? Kama kioksidishi kingekuwa mtawala, jibu lingekuwa moja kwa kila fueli. Lakini methani hupata takriban mara kumi, asetilini takriban mara saba, na haidrojeni, ambayo katika hewa tayari ina mita tatu, hupanda hadi mita kumi hivi, yaani mara tatu na kidogo. Fueli iliyokuwa nzito ya kwenda ndiyo inayonufaika zaidi, kwa sababu mnyororo wake ulikuwa umekwamishwa na uhaba wa joto, ilhali haidrojeni haikuwa na mkwamo wa namna hiyo.

Ushahidi wa pili umo katika maabara. Alan Walsh wa Australia aliasisi mwaka 1955 njia ya kupima madini kwa mwanga unaofyonzwa na atomi zilizo ndani ya moto, njia inayotumika hadi leo katika maabara zinazopima dhahabu. Moto wa asetilini na hewa ulitosha kwa dhahabu, shaba na zinki, lakini haukutosha kwa alumini na titani, ambazo oksidi zake hazivunjiki kwa joto dogo. Oksijeni tupu ingetoa joto hilo, lakini kwa mita 11 kwa sekunde moto ungerudi ndani ya chombo na kukipasua. Mwaka 1965 J. B. Willis, naye wa Australia, alitumia naitrasi oksaidi, ile gesi ya ganzi ya madaktari. Gesi hii ikivunjika hutoa joto la ziada na mchanganyiko wenye oksijeni thuluthi moja, lakini kuvunjika kwenyewe huchukua muda, na hivyo moto wake hukaribia joto la oksijeni tupu ilhali kasi yake haiachani mno na ya hewa. Mdomo wa kichomeo cha hewa ni ufa mwembamba wenye urefu wa sentimita 10; wa naitrasi oksaidi ni sentimita 5, ili gesi itoke kwa mwendo utakaoushinda moto. Anayeuwasha huanza na hewa, ndipo akabadilisha kwenda naitrasi oksaidi, na anapozima hurejea kwanza kwenye hewa. Joto na kasi, ambavyo watu hudhani ni kitu kimoja, hapa vimetenganishwa kwa makusudi kwa kuchagua kioksidishi.

Uwiano

Kioksidishi si aina tu, bali pia ni kiasi. Fueli nyingi hufikia kilele cha kasi pale zinapozidi kidogo tu kiwango timilifu: methani kwa asilimia 5 hivi, propani kwa asilimia 10. Haidrojeni huchelewa mpaka iwe karibu maradufu ya kiwango hicho. Kadhalika mipaka ya kuwaka huhitilafiana: methani huwaka ikiwa baina ya asilimia 5 na 15 ya mchanganyiko wake na hewa, haidrojeni baina ya 4 na 75, na asetilini huanzia asilimia 2 na nusu na kupita 80, tena ikigandamizwa huweza kulipuka bila hewa yoyote, ndiyo maana mtungini huhifadhiwa ikiwa imeyeyushwa katika asetoni iliyofyonzwa na kijazo chenye vinyweleo.

Pale kasi inapokutana na kichomeo

Mfano mkubwa kupita yote wa gharama za kubadilisha fueli ulitokea Uingereza. Hadi miaka ya 1960 nyumba za huko zilitumia gesi ya makaa ya mawe, ambayo karibu nusu ya ujazo wake ilikuwa haidrojeni, na kwa hiyo ilikuwa na moto wa mbio. Gesi asilia ilipopatikana chini ya Bahari ya Kaskazini, ambayo karibu yote ni methani, ilidhihirika kwamba vichomeo vilivyokatwa kwa moto wa mbio haviwezi kuushika moto wa taratibu: ungenyanyuka juu ya matundu na kuzimika. Tena gesi mpya ilikuwa na joto takriban maradufu kwa ujazo, na ilihitaji hewa nyingi zaidi. Kuanzia 1967 hadi 1977 mafundi walipita nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, wakibadilisha au kurekebisha vyombo vinavyokadiriwa kuwa milioni 40. Taifa zima lililipa gharama ya tofauti baina ya mnyororo wa haidrojeni na mnyororo wa methani.

Katika majiko yetu hali ni nyingine, na hapa yafaa haki itendeke: kasi si mkosaji. Gesi ya mtungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, na gesi asilia ya bomba zina kasi zinazokaribiana. Kinachozitenga ni joto kwa ujazo na hewa inayohitajika. Jiko lililokatwa nozo kwa gesi asilia likiunganishwa na mtungi, gesi nyingi mno hutoka kwa hewa haba, moto huwa mrefu wa manjano, masizi huganda chini ya sufuria, na monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu, hujaa jikoni. Jiko la mtungi likiunganishwa na bomba huwa na moto mdogo usiopika. Nozo lazima zibadilishwe, na anayesema kwamba gesi ni gesi anawahatarisha wapishi.

Kwa wachomeleaji kasi ndiyo kila kitu. Mchanganyiko wa asetilini na oksijeni lazima utoke katika ncha ya tochi kwa mwendo unaouzidi moto. Ncha ikizibwa na cheche za chuma, au ikagusishwa na kazi mpaka ikapata moto, mwendo hupungua, tochi hupiga mlio wa kupasuka, na moto huweza kurudi nyuma kwenye mipira. Vizuizi vya moto kurudi, ambavyo kanuni yake ni ile ile ya wavu wa Davy lakini kwa matundu madogo zaidi, si pambo la kuachwa dukani ili kupunguza bei. Na mafuta au grisi kwenye regulata ya oksijeni huweza kuwaka ghafla, kwa sababu vitu vinavyoungua taratibu katika hewa hupoteza utaratibu huo naitrojeni inapoondoka.

Kupima

Rai hizi zikiwekwa kwenye mizani, hukumu hutegemea kitu gani kimeshikiliwa bila kubadilika. Ikiwa kila mtu anatumia hewa ile ile, kama ilivyo jikoni na katika magari, fueli ndiyo mwamuzi, na huamua kwa tabia ya vipande vyake kuliko kwa joto lake. Ikiwa fueli ni ile ile, kioksidishi huamua, na nguvu yake ni kubwa zaidi kwa fueli yenye mwako wa taratibu kuliko kwa yenye mwako wa mbio. Rai ya joto ndiyo dhaifu kuliko zote inapodai kutosha peke yake, na ndiyo isiyoepukika inapokubali kuwa mshirika, kwa kuwa kioksidishi chenyewe hufanya kazi yake kubwa kwa kuupandisha moto kwenye joto ambalo mnyororo hugawanyika kwa wingi. Anayetafuta jibu la neno moja atabaki na mkanganyiko alioanza nao.

Jaribio la karibuni la kuchanganya haidrojeni na gesi asilia laonyesha kwa nini hukumu hii ina uzito. Katika chuo kikuu cha Keele, Uingereza, kuanzia 2019 majengo yalipewa gesi yenye haidrojeni hadi asilimia 20 ya ujazo, na vyombo vilivyokuwapo havikubadilishwa. Anayedhani kwamba kasi ya mchanganyiko ni wastani wa kasi za fueli zake angetarajia moto wa mbio sana, lakini ukweli ni kwamba kasi hupanda kidogo tu, kwa sababu vipande vya methani huzidaka atomi nyingi za haidrojeni zinazoongezwa. Ni pale haidrojeni inapokuwa sehemu kubwa zaidi ya mchanganyiko ndipo methani hushindwa kuidhibiti na kasi hupaa. Asilimia 20, kwa hiyo, ni kiwango chenye sababu, wala hakitoi ruhusa ya kwenda asilimia 60 kwa vichomeo vile vile.

Kwa amonia hesabu hugeuka. Mwaka 1943, mafuta yalipokuwa adimu, mabasi ya Ubelgiji yaliendeshwa kwa amonia, nayo ilichanganywa na gesi ya makaa, kwa kuwa yenyewe ilikuwa nzito mno kuwaka. Wanaoifikiria leo kwa meli wana njia ile ile kwa sura nyingine: kuvunja sehemu ya amonia kwa joto ili itoe haidrojeni, na haidrojeni hiyo ikikaribia nusu ya ujazo wa fueli, kasi hufikia daraja ya methani. Njia nyingine ni kuongeza oksijeni katika hewa ya injini, jambo linalohitaji mtambo wa kuitenga oksijeni na nishati ya kuuendesha, tena ndani ya meli. Ya kwanza hutafuna sehemu ya joto la fueli yenyewe kabla haijaungua, na ya pili huongeza joto la moto na pamoja nalo oksidi za naitrojeni ambazo sheria huziwekea mipaka. Kati ya mbili hizo, ile ya kuvunja amonia yaelekea kuwa na hoja bora zaidi, kwa kuwa joto lake laweza kuchukuliwa kutoka kwenye moshi wa injini ambao vinginevyo ungepotea angani, na chombo cha kuvunjia hakihitaji kutenga kitu chochote kutoka katika hewa.